Ya Juu au Kwa Juu

Bwenini, Kibaha
Jumapili, 2 Februari 2025

Mjomba Kitwana,

Shikamoo. Shule imeanza vizuri. Harufu ya oili ilikaa kwenye vidole vyangu wiki nzima. Recho, anayelala kitanda cha chini yangu, alivinusa akaniuliza, "Wewe likizo ulikuwa nyumbani au gereji?" Nikamwambia kwetu ni kitu kimoja. Alicheka sana. Nimegundua kwamba baba yake ni Mzee Ambokile wa duka la spea pale Sofu, yule rafiki yako unayemwita Mnyaki. Dunia ndogo.

Simu huku ni marufuku, kwa hiyo barua zangu atazibeba Madam Firdausi, mwalimu wetu wa jiografia, kila Ijumaa anaporudi kwake Kisarawe. Amesema na wewe ukimpa zako atazileta.

Pikapu ya Bi Biubwa inaendeleaje? Ninaifikiria mara nyingi. Unajua mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Darasani nikijibu swali, mwalimu hutafuta mbu aliyepita. Lakini siku ile tulipofunga injini, uliposema mbele ya Bi Biubwa, "Leo tunafunga kisomi, mpwa wangu atatusomea Kiingereza," nilijisikia mrefu kuliko mlango wa gereji. Kile kikaratasi cha maelekezo kilikuwa kimelowa oili upande wenye picha, na wewe ukanishikisha ringi yenyewe, pete ya chuma inayozungushwa kwenye pistoni, ile iliyochorwa herufi tatu, T, O, P. Ukauliza zinasemaje. Nikasema, "Ya juu." Ukaivalisha kwenye mfereji wa juu wa pistoni bila kubisha.

Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu mzima. Nisalimie wote.

Mpwa wako,
Raudha

*

Kisarawe
Ijumaa, 14/2/2025

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Husseini asikie ukoo wetu unavyojua kuandika.

Habari ya pikapu si nzuri mama. Inatoa moshi wa bluu. Asubuhi ikiwashwa inafunika gereji yote utadhani tunafukuza nyuki. Oili inakunywa kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji, leo unajaza, keshokutwa kijiti cha kupimia kikavu. Bi Biubwa alipita nayo Kibuta na mihogo yake, watoto wakamkimbilia nyuma wanaimba, "Jiko linatembea! Jiko linatembea!" Akaja kusimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. "Kitwana, si uliniambia unafunga kisomi? Ndiyo moshi wa kisomi huu?" Mafundi wote walicheka. Husseini ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa mafundi alicheka mpaka akakalia tairi.

Nimekaa nikafikiri. Silinda zilichongwa upya, nilizipima mwenyewe. Pistoni mpya. Vali sina wasiwasi nazo. Kimebaki kitu kimoja tu, ringi. Ringi ndiyo inayozuia oili isipande juu ikaungua pamoja na petroli. Na zile ringi nilinunua kwa Ambokile. Miaka kumi na tisa nanunua kwake, nikifika ananichemshia chai, leo ameniuzia feki.

Sasa sikia. Jumamosi ya tarehe 1 Machi umoja wetu wa mafundi una kikao na Ambokile ataitwa. Mimi mdomo nikikasirika unanikwama. Niandikie barua ya malalamiko, yenye makali, Kiswahili cha shule. Nataka ikisomwa watu wanyamaze.

Mjomba wako
Kitwana

*

Bwenini, Kibaha
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana kwa maneno ya Bi Biubwa. Niliposoma habari ya watoto wa Kibuta nilihisi kama wanakimbia nyuma yangu mimi.

Una uhakika ni ringi? Sisemi kwamba si ringi. Kuna jambo la siku ile nilitaka kukuuliza, lakini nadhani si muhimu.

Barua uliyoomba ni hii hapa chini. Nimeiandika mara tatu.

"Ndugu Mwenyekiti na wanachama. Fundi akifunga injini, anaweka ndani yake jina lake. Asichoweza kukiona ni moyo wa aliyemuuzia spea. Ndugu Ambokile amekula nasi na kunywa nasi kwa miaka kumi na tisa, na katika mwaka huu amechagua kutuuzia chuma kisicho na uaminifu. Moshi unaotoka kwenye pikapu ya Bi Biubwa ni moshi wa ahadi iliyoungua. Naomba umoja huu uache kununua kwake hadi atakapokiri."

Naomba usiseme kwamba niliandika mimi. Recho ni mtu mzuri kwangu.

Raudha

*

Kisarawe
Jumapili, 2/3/2025

Mpwa wangu,

Ramadhani njema. Barua yako imefanya kazi kuliko nyundo. Husseini aliisoma amesimama. Alipofika kwenye "moshi wa ahadi iliyoungua" mtu mmoja nyuma akasema "Lahaula." Watu walinyamaza kama nilivyotaka. Wakakubaliana fundi yeyote wa umoja wetu asinunue tena Sofu kwa Ambokile.

Yeye alisimama, hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu. "Kitwana, maandishi uliyaangalia?" Nikamjibu, "Maandishi yalisomwa na mpwa wangu Raudha, anayesoma na binti yako, na Kiingereza anakijua kuliko mimi na wewe tukiunganishwa." Watu wakacheka. Ambokile akaniangalia, akafungua mdomo, kisha akaufunga, akakaa. Mtu mwenye haki hanyamazi hivyo.

Najua uliniomba nisikutaje. Kwenye barua sikukutaja. Hilo la maandishi lilinitoka tu, mama, kwa kukuonea fahari.

Kitwana

*

(Barua hii haikutumwa siku hiyo. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha fizikia.)

Alhamisi, 6 Machi 2025

Mjomba,

Leo Mwalimu wa fizikia alifundisha msuguano. Akauliza nani ana mfano wa kitu kinachotelezeshwa na oili. Recho alinyoosha mkono. Tangu Jumatatu amekuwa hali vizuri, kwa sababu wasichana wawili wa Kisarawe wanamwita "Ringi Feki" kwenye foleni ya uji. Alitoa ringi mfukoni. Alisema baba yake amemletea, ili akiitwa hivyo awaonyeshe ringi ni nini.

Alisimama mbele yetu sote akaeleza. Pistoni ina mifereji mitatu. Ya chini kabisa ni ringi ya kusambaza oili. Ya juu kabisa inazuia moto usishuke. Ya katikati haikuchongwa wima. Ukingo wake umelala kidogo, ili pistoni ikishuka, pembe kali ya chini iikwangue oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini, kama unavyokwangua ukoko sufuriani. Ukiigeuza, au ukiiondoa mahali pake, oili inapanda juu na kuungua. Unapata moshi wa bluu.

"Ndiyo maana wameandika TOP," alisema. "Wengine wanadhani ni jina la ringi, kwamba ni ringi ya juu. Siyo. Maana yake uso huu uangalie juu. Hii ni ringi ya pili."

Kisha akaipitisha darasani. Ilipofika kwangu nilishindwa kuishika ikaanguka. Kila mtu alicheka, hata Recho.

Mjomba, kuna kitu sikukiandika katika barua yangu ya kwanza. Niliandika kwamba uliivalisha bila kubisha. Si kweli. Niliposema "Ya juu," uliipitishia ringi ukucha ukingoni, ukaniuliza, "Ya juu, au kwa juu?" Bi Biubwa alikuwa ananiangalia. Sikuwa najua. Nilijua neno, sikujua ringi. Nikajibu haraka, "Ya juu, Mjomba." Ukasema, "Haya, msomi kasema."

Ulinifungulia mlango wa kusema sijui, nami nikaufunga.

*

Bwenini, Kibaha
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Samahani, naandika kwa haraka, Madam Firdausi anaondoka.

Labda ungengoja kidogo kuhusu Mzee Ambokile. Labda tatizo ni kitu kingine. Labda ungeifungua injini ukaangalia.

Nimefunga, sijambo. Ila kila nikitamka neno hilo nakumbuka tulivyofunga injini.

Raudha

*

Kisarawe
Jumapili, 9/3/2025

Mpwa wangu,

Labda tatu katika barua moja? Umeanza kuandika kama wanasiasa.

Pikapu imesimama kabisa. Bi Biubwa ameiacha hapa gereji, mihogo inakaa shambani hadi inakuwa migumu kama kuni. Mwezi wa futari ndio mwezi wake wa soko na hana gari. Hanitukani tena, anapita tu na kusema "Fundi" bila jina langu. Afadhali matusi.

Nimeamua nitanunua ringi kwingine, dukani kwa mtu nisiyemjua. Lakini zinakuja na maandishi ya Kiingereza tena, na safari hii sitaki kosa hata la unywele. Kwa hiyo sitagusa kitu hadi uje likizo mwisho wa mwezi. Utanisomea kama siku ile. Nimeshamwambia Bi Biubwa, mpwa wangu akija tu mambo yatakaa sawa.

Kitwana

*

Bwenini, Kibaha
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mjomba Kitwana,

Shikamoo. Usiningoje. Usimwambie Bi Biubwa kwamba nikija mambo yatakaa sawa.

Pamoja na hii nimeweka barua ya tarehe 6 ambayo sikuituma. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Ukishaisoma utaona kwamba ringi za Mzee Ambokile hazina kosa. Ya pili tuliiweka ya kwanza, na ya kwanza tukaishusha ya pili, ambako haikwangui chochote. Unene wao ni sawa, ndiyo maana ziliingia bila kulalamika. Tulifanya hivyo kwenye pistoni zote nne, kwa neno langu.

Kosa la kwanza ningeweza kulisema ni la kutojua. Lakini ulipoandika kwamba injini inakula oili, nilikumbuka swali lako la siku ile. Nikaandika "nadhani si muhimu," halafu, kwenye karatasi hiyohiyo, nikamwandika vibaya mtu asiye na hatia, kwa maneno niliyoyapenda. "Moshi wa ahadi iliyoungua" nilijivunia. Nilimsomea Recho sentensi hiyo bila kumwambia inamhusu nani, akasema nzuri.

Jana nimemwambia Recho kila kitu. Nilidhani atanipiga. Alikunja shuka lake, akabeba godoro, akahamia upande wa dirishani. Sasa nalala kitanda cha juu na chini yangu pako wazi.

Nimemwandikia baba yake. Madam Firdausi ataipitisha Sofu kabla ya kuja kwako, kwa hiyo hutaweza kunizuia. Barua ile ya kikaoni ukitaka irudishwe, mimi nitaandika nyingine, na jina langu nitaliweka juu kabisa.

Mimi si msomi, Mjomba. Naomba usiniite hivyo tena mpaka niseme.

Raudha

*

Bwenini, Kibaha
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mzee Ambokile,

Shikamoo. Mimi ni Raudha, mpwa wa fundi Kitwana wa Kisarawe. Nasoma na Recho.

Barua iliyosomwa kikaoni dhidi yako niliiandika mimi. Maandishi ya kwenye ringi niliyasoma mimi pia, nikayasoma vibaya. Niliulizwa mara mbili, na mara ya pili nilijibu kwa kuona haya kusema sijui. Ringi zako ni nzima. Recho ndiye aliyenifundisha, naye hakujua anamfundisha nani.

Sijui kama kuna namna ya kuomba msamaha kwa jambo ambalo limeshasomwa mbele ya watu. Naomba hata hivyo.

Raudha

*

Sofu, Kibaha
Jumanne, 18 Machi 2025

Binti Raudha,

Marahaba. Nimepokea barua yako.

Nitakujibu kweli kwa sababu umeniandikia kweli. Sijapoa. Wiki mbili nimekaa dukani nikiwaangalia wateja wangu wa Kisarawe wakivuka barabara kwenda upande wa pili. Mmoja alikuwa ananiita shemeji.

Siku ya kikao, mjomba wako aliposema maandishi yalisomwa na wewe, nilielewa palepale kilichotokea. Ringi hizo nimeziuza miaka mingi na kosa lake nalijua. Ningeweza kusema. Lakini nilikumbuka Recho alipokuja mapumziko alinisimulia habari za rafiki yake wa kitanda cha juu, anayesoma chini ya shuka hadi anafokewa. Nikaona nikisema, wale wazee wote watamcheka mtoto ambaye hayupo kujitetea. Nikakaa. Sikujua kwamba barua nayo ni yako. Ningejua, huenda nisingekaa.

Mimi pia nina kosa. Mjomba wako alipokuja kununua alikuwa na haraka ya kuwahi swala ya Ijumaa. Kawaida namwekea ringi kaunta moja baada ya nyingine na kumwonyesha. Siku ile nilimkabidhi boksi tu.

Habari ya godoro Recho amenieleza, na ni yake mwenyewe. Mimi sitaingilia.

Ambokile

*

Kisarawe
Jumatatu, 24/3/2025

Raudha,

Sikukuita msomi, umeona.

Barua zako zilipofika nilizisoma, nikazificha chini ya kisanduku cha spana, siku nne sikushika chombo. Mama yako alidhani ni saumu. Siku ya tano nilimwita Husseini tukashusha injini. Nikatoa pistoni ya kwanza nikaifuta. Nikatoa ya pili. Zote nne kama ulivyosema.

Sasa nikwambie ambacho wewe hukijui. Unadhani nilikuuliza "ya juu, au kwa juu" kwa sababu sikujua. Nimefunga injini miaka thelathini, Raudha. Kiingereza sijui lakini ukucha wangu unajua. Nilipoupitisha pale ukingoni nilisikia pembe imelala, nikajua hii ni ya katikati. Mkono wangu ulikataa. Lakini nilikuwa nimeshamtangazia Bi Biubwa kwamba leo tunafunga kisomi. Nikaona nikikubishia nitaonekana fundi wa zamani anayeogopa vitabu. Nikauacha ukucha nikafuata sifa.

Na moshi ulipotoka, kitu cha kwanza kilichonijia ni hicho hicho. Nikakisukuma mbali. Ilikuwa rahisi kumtupia Ambokile. Hata alipoitwa kikaoni akaniuliza maandishi, nilijua anauliza nini. Nikamjibu kwa kejeli na nikakutaja wewe. Mtoto wa miaka kumi na sita nimemfanya ngao. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, sehemu kubwa ni yangu, na nisingekwambia kama wewe usingeanza.

Barua nyingine usiandike. Barua imeshatuponza.

Juzi Jumamosi nilimwomba Husseini akusanye mafundi, tukaenda Sofu. Tulikuwa tisa. Bi Biubwa alikuja bila kualikwa, alisema haya hawezi kusimuliwa. Ambokile alikuwa nyuma ya kaunta. Alituona, hakusema karibu. Hata chai ya kubeba nikafuturie hakunitajia, na birika lilikuwa linachemka palepale.

Nikasema mbele yao, ringi zake zilikuwa nzima, mimi ndiye niliyezifunga vibaya, na nilikuwa na shaka tangu siku ya kwanza. Jina lako sikulisema. Husseini akatangaza lile azimio limefutwa. Ambokile akauliza, "Umemaliza?" Nikasema bado, nataka seti nyingine ya ringi zilezile.

Akaleta boksi. Akaliweka juu ya kaunta, akaliwekea mkono, hakuniachia. Akaniuliza kama anavyomuuliza mgeni, "Kuzivalisha unajua?"

Bi Biubwa alikohoa. Watu tisa, Raudha, na nusu yao niliwafundisha kushika spana mimi. Nilitaka kusema, "Alhamdulillah, tangu hujafika Sofu wewe Mnyaki, mimi nafunga injini." Jibu lilishafika mdomoni. Nikakumbuka barua yako.

Nikasema, "Sijui. Nionyeshe."

Dukani hakuna aliyecheka. Ambokile alifungua boksi, akatoa ringi moja, akaigeuza kwenye mwanga zikaonekana zile herufi tatu. Akakishika kidole changu, akakipitisha ukingoni taratibu kama anayemfundisha mtoto kuandika.

"Kwa juu, Kitwana," akasema.

Nami nikarudia, "Kwa juu."

Mjomba wako
Kitwana